Duka la muvi Ngamiani: bei poa, huduma safi, ila orka na orki wanachanganywa

Kwa aliyepo Tanga mjini na anatafuta sehemu ya kujaziwa muvi kwenye flashi bila kupewa virusi na bila kudanganywa, kuna duka moja Ngamiani nalisifia na nitaendelea kulisifia. Jina silitaji, maana nina lawama moja kubwa na sitaki ionekane namharibia mtu biashara, na lawama yenyewe si ya duka hili peke yake, nimeikuta kwa wauza muvi wengi na kwa hawa maDJ wanaotafsiri. Ni hivi, kwao orka, yule pomboo mkubwa wa baharini, na orki, lile dude la kubuni la kwenye muvi za vita, ni kitu kimoja. Ukitaka orka wa baharini unapewa orki wa vitani, ukitaka orki wa vitani unapewa mnyama mweusi na mweupe anaruka majini, na mtafsiri naye anakazia palepale. Kwa mji wetu huu ambao bahari ipo mlangoni mimi naona hili ni jambo la kurekebishwa, ndio maana nimeandika ndefu, mnivumilie.

Nianze na mazuri maana ni mengi. Duka ni dogo, fremu moja tu, kompyuta mbili, feni ya ukutani na benchi la mbao hapo nje unapokaa kusubiri flashi ijae. Muvi iliyotafsiriwa 500, isiyotafsiriwa 300, sizoni nzima 1,000 bila kujali ina episodi ngapi, na ukijaza nyingi wanakupunguzia bila hata kuwaomba. Flashi yako inaskaniwa mbele yako kabla hawajaanza kukopi, wakikuta virusi wanakuuliza kwanza kama kuna picha zako humo ndio wasafishe, hawafuti tu kiholela. Halafu kitu nilichokipenda kuliko vyote, wanakuuliza unaenda kuchezea wapi. Wengine hawaulizi kabisa hili. Ukisema unaenda kuchomeka kwenye tivi ya kawaida au king'amuzi au sabufa, kijana anajua flashi za hivyo mara nyingi zipo kwenye mfumo wa FAT32 na mfumo huo haupokei faili moja linalozidi GB 4, kwahiyo anakuchagulia faili dogo linaloingia na kucheza, ukisema laptop anakupa lile kubwa lenye picha kali. Sehemu nyingine unafika nyumbani tivi inakwambia faili halisomeki na nauli ya kurudi mjini ni yako.

Vijana wenyewe wana heshima, mtu mzima akiingia anapewa shikamoo yake na kiti, hakuna makelele, na zile muvi za wakubwa haziwekwi kwenye skrini mbele ya watoto. Kwa hayo yote nawapa maua yao.

Sasa tuje kwenye orka.

Likizo hii watoto wa kaka yangu walikuja kwangu kutoka Korogwe, na mtoto wa Korogwe akifika Tanga ni bahari tu, asubuhi bahari jioni bahari. Yule mkubwa yupo darasa la sita, alisimuliwa na mwenzake kwamba kuna pomboo anakula papa, akaniuliza, "Shangazi, ni kweli au ananidanganya?" Nikamwambia ni kweli, anaitwa orka, nitakutafutia umuone. Nikapita dukani nikamwambia kijana naomba dokumentari ya orka, yule wa baharini, kama ipo iliyotafsiriwa nipe iliyotafsiriwa. Akasema, "Ipo dada, tena kali." Akaandika kwenye sehemu ya kutafutia herufi tatu tu, o-r-c, ikashuka listi ndefu, akabofya ya juu kabisa, akakopi, akanipa flashi yangu.

Usiku tumekaa mkekani na bisi zetu, muvi inaanza, bahari hakuna. Kuna mlima, kuna moshi, na jeshi zima la madude ya kijani yenye meno ya chini yamechomoza nje, yamebeba mapanga na ngao. Mdogo akajifunika khanga yangu mpaka kichwani, mkubwa akakodoa macho akasema, "Shangazi, mbona hawa orka wana mapanga?" Na kilichoniumiza ni kwamba DJ mwenyewe kwenye kutafsiri anasema kabisa, orka hao wanashuka mlimani, orka hao wameizingira ngome, orka hao hawana huruma. Mara zote anasema orka, hata mara moja hakusema orki. Kwahiyo unakaa pale unajaribu kumwelewesha mtoto kwamba hawa sio wale, huku sauti kutoka kwenye spika inakupinga kila baada ya dakika mbili. Nikazima.

Nimelifikiria sana hili na nadhani najua linapoanzia. Kwa Kiingereza majina haya yanaandikwa karibu sawa, la mnyama, orca, lina herufi nne na la dude, orc, lina zile tatu za mwanzo, tofauti yao ni a ya mwisho peke yake. Ukiandika o-r-c kompyuta inakuletea kila faili lenye herufi hizo popote kwenye jina, kwahiyo wa baharini na wa vitani wanatoka wote, na ukipanga kwa alfabeti wanafuatana, mmoja juu ya mwenzake. Hilo ni upande wa kompyuta. Upande wetu sisi, Kiswahili hakipendi neno liishie na konsonanti ya namna hiyo, lazima tuweke irabu mwishoni ndio litamkike vizuri, tunasema benki, tunasema soksi, tunasema basi. Sasa jina la lile dude likifika kwetu linadai irabu, mwingine anaweka i inakuwa orki, mwingine anaweka a. Akishaweka a tu tayari ameshamtaja mnyama wa watu. Hajakusudia, ulimi umempeleka. Lakini mtoto anayesikiliza hajui hayo, yeye anachobaki nacho ni kwamba orka ni jitu la kijani linalochinja watu.

Na orka mwenyewe ni mnyama wa kweli kabisa, yupo, anapumua, ananyonyesha. Watu wanamwita nyangumi muuaji lakini kwa ukoo yeye ni pomboo, tena ndiye mkubwa kuliko pomboo wote duniani. Dume linafika mita 8 na zaidi kidogo, uzito tani 6 na wengine wanapita hapo, na lile pezi la mgongoni la dume likisimama linafika karibu mita 1.8, yaani mtu mzima mrefu amesimama juu ya mgongo wa mnyama. Mweusi juu, mweupe tumboni, na nyuma ya jicho ana baka jeupe lenye umbo la yai ambalo watoto wengi wanadhani ndilo jicho lenyewe. Wanaishi kwa familia, na familia inafuata majike, mama na bibi. Jike anaacha kuzaa akiwa na miaka kama 40 hivi halafu anaendelea kuishi miaka mingi tu akiwaongoza wanawe na wajukuu, na hilo kwa wanyama ni nadra sana. Hili la bibi kuongoza msafara lilimfurahisha mtoto wetu mdogo kuliko hata habari ya papa.

Na la papa ni kweli, tena halikutokea mbali na sisi. Kule Afrika Kusini, maeneo ya Gansbaai, mwaka 2017 mizoga ya papa weupe wakubwa ilianza kutupwa ufukweni maini yamenyofolewa, na wataalamu wakawataja orka. Papa mweupe yule anayeogopwa dunia nzima akisikia orka wapo eneo lile anahama. Lakini binadamu, kwa orka wa bahari huru hakuna tukio lililothibitishwa la kumuua mtu. Waliofungiwa kwenye mabwawa ya maonyesho ndio wameshaua watu, kama yule mkufunzi aliyefariki Florida, Marekani, mwaka 2010, na hao walikuwa wamefungwa. Sasa mnyama wa namna hii unampa jina lake dude la kubuni ambalo kazi yake kwenye hadithi ni kuua tu, mimi naona ni dhuluma.

Orki yeye hayupo. Ni wa hadithi. Aliyemfanya ajulikane dunia nzima ni J.R.R. Tolkien, mwalimu wa chuo cha Oxford kule Uingereza, kwenye vitabu vyake vya 1954 na 1955, ingawa neno lilishaonekana kidogo kwenye The Hobbit cha 1937. Baada ya hapo wakaingia kwenye magemu, Dungeons & Dragons la mwaka 1974, Warcraft la 1994, ndio vijana wengi wanawajua kutoka huko. Tolkien alisema neno alilitoa kwenye Kiingereza cha kale ambako lilikuwa na maana ya shetani au pepo mbaya, na alilipenda kwa jinsi linavyosikika. Na wadau, hapa ndipo nilipofurahi, yeye mwenyewe aliliona hili tatizo letu mapema, kwenye maelezo ya The Hobbit aliandika wazi kwamba jina hili halina uhusiano wowote na lile linalotumika kwa wanyama wa baharini wa jamii ya pomboo. Mwenye orki wake ameshasema sio pomboo, sasa DJ wa kwetu anabisha nini.

Ila nisiwaonee maDJ, maana hata Waingereza wenyewe zamani walichanganya. Mshairi wao Milton mwaka 1667 anataja kisiwa wanapokaa sili, wale wanyama wa baharini wanaopenda kulala ufukweni na kwenye barafu, na orki, na hao orki wake ni wanyama wa baharini sio majeshi, yaani siku hizo lile neno fupi lilikuwa linaweza kumaanisha dude la bahari. Ukirudi nyuma zaidi kwa Warumi, mwandishi wao Pliny aliandika habari za orka kwamba ni lundo kubwa la nyama lenye meno ya kutisha, linashambulia nyangumi na ndama wao, akasimulia na mfalme Claudius alivyopigana na mmoja aliyekwama bandarini Ostia. Na Warumi haohao walikuwa na mungu wa kuzimu anaitwa Orcus, ambaye wengi wanaamini lile neno la kale la shetani lilitokana naye. Halafu jina la kitaalamu la orka leo ni Orcinus orca, na hilo la mbele lina maana ya wa Orcus, wa kuzimu. Kwahiyo majina haya yameshawahi kukutana njiani, sikatai. Lakini Linnaeus, mtaalamu aliyewapa viumbe majina ya kitaalamu, alipomsajili mnyama huyu mwaka 1758 alimweka moja kwa moja na pomboo, Delphinus orca, hakumweka na mashetani. Tangu siku hiyo mambo yapo wazi.

Haya, nikarudi dukani kesho yake. Sikwenda kugombana, nilimwambia kijana kwa utaratibu, mdogo wangu ulinipa orki, mimi nilitaka orka. Akacheka akidhani natania, akasema, "Si ndio hao hao dada?" Nikamwomba aandike tena kwenye kompyuta lakini safari hii aweke jina lote mpaka a ya mwisho. Listi ikapungua ghafla, mafaili yakabaki machache, na moja likawa ndilo. Akalifungua kuhakikisha, ikatokea bahari ya baridi, barafu pembeni, na mapezi meusi yanapasua maji.

Pale kwenye benchi alikuwepo kijana mmoja wa boti za dagaa anasubiri sizoni yake ya Kikorea, akainuka akaja kuchungulia skrini. Akatazama kidogo akasema, "Huyo pomboo huyo. Mkubwa lakini pomboo." Muuza akamuuliza umejuaje, si wameandika nyangumi hapo. Akamwambia angalia mkia. Samaki mkia wake umesimama, anaupiga kushoto kulia, huyu mkia umelala, anaupiga juu chini, na anatoka juu kupumua. Halafu angalia na mdomo, ana meno, wale nyangumi wanaopita huku kwetu kuanzia mwezi wa saba hawana meno, wana kama brashi. Na kweli, nyangumi wenye nundu wanaopita pwani yetu kuanzia Julai mpaka Oktoba hivi hawana meno, wanachuja chakula. Yaani mtu hajafungua kitabu chochote cha wanyama, kakaa miaka kwenye boti, kamweka orka kwenye ukoo wake kwa sekunde kumi. Muuza muvi akabaki kimya halafu akabadilisha jina la faili palepale mbele yetu, akaandika ORKA POMBOO BAHARINI, na lile la juzi akaliandika ORKI VITA. Hela hakutaka, akaniwekea bure na akaongeza katuni moja ya watoto. Duka linalopokea malalamiko namna hii ni la kurudi, mimi nimesharudi.

Sasa dokumentari yenyewe. Picha ni nzuri mno, kuna sehemu orka wanajipanga ubavu kwa ubavu wanaogelea kwa pamoja kuelekea kipande cha barafu alicholala sili, wanapiga wimbi moja kubwa, sili anateleza majini, na kuna mama mmoja anamrudisha sili juu ya barafu halafu wanarudia tena, inaonekana anawafundisha watoto. Wanangu walitazama hiyo sehemu wakairudisha nyuma wakatazama tena. Kwa watoto inafaa, damu ni kidogo, ila kuna ndama wa nyangumi anafukuzwa mpaka anachoka na kwa mtoto mwenye roho nyepesi kaa naye karibu.

Tafsiri ndio inaniudhi tena kwa upande wa pili. DJ wa hii ni mwingine, sauti yake nzuri, hapigi kelele, namba anazisoma vizuri, lakini akishaona meno tu anasema zimwi la bahari, zimwi limefika, zimwi linawinda. Jamani. Zimwi ni la hadithi za bibi, lile linalomeza watu na vijiji mpaka atokee kijana alipasue tumbo watoke wazima. Orka anakula kwa sababu ana njaa na ana watoto wa kulisha. Ukimwita zimwi unamharibia jina vilevile, kwa njia nyingine tu.

Na hapa nina pendekezo kwa maDJ wetu, nalisema kwa upendo maana kazi yao naijua ni ngumu, unatafsiri papo kwa papo muvi ya masaa matatu peke yako na mhusika wa kike na wa kiume wote ni wewe. Yale majitu ya vitani yaiteni mazimwi, au madubwana, au orki mkitaka jina la kwao. Zimwi linakaa vizuri kabisa pale, msikilizaji wa Tanga, wa Pangani, wa Handeni anajua moja kwa moja kwamba hiki ni kitu cha kutisha na ni cha hadithi. Tatizo dogo ni kwamba zimwi letu hutembea peke yake na orki hutembea kwa jeshi, lakini ukisema jeshi la mazimwi nani hajaelewa? Halafu orka mwachieni orka jina lake, mkiona gumu semeni pomboo mkubwa, au nyangumi muuaji kama wengine wanavyosema, japo hilo la muuaji mimi silipendi. Mkifanya hivyo hata mtu asiposikia vizuri hizo i na a za mwisho, hapotei.

Wapo watakaosema muvi ni muvi, burudani tu, nani anajali. Mimi najali kwa sababu watoto wengi hapa bahari wanaijua kwa kusikia, na siku hizi wanachosikia kinatoka kwenye flashi. Wameshatishwa na chunusi anayevuta watu miguu wakiogelea, sasa tunawaongezea na orka mwenye panga. Na mji huu sio wa kushindwa kujifunza jina la kiumbe cha bahari. Silikanti tumemjifunza, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka toka enzi za dinosaria mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na wavuvi wetu huku wakawavua wengi tu miaka ya 2000, mpaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari yenye jina lake hapahapa Tanga. Leo muulize mtoto wa Kigombe silikanti ni nini atakwambia. Jina lile ni gumu kuliko orka.

Kwa atakayekwenda dukani, fanya hivi. Usitaje jina peke yake, sema orka wa baharini, pomboo, na mwambie aandike herufi zote nne. Kabla hajakopi mwambie afungue faili asogeze mbele kidogo mpaka katikati, msione mwanzo tu, kwa sababu muvi nyingi zinaanza na nembo za makampuni na mwanzo haukuambii kitu. Angalia na urefu, dokumentari nyingi ni kama dakika 50 hivi au saa moja na nusu, ukiona masaa matatu hiyo ni vita. Kama ni kwa watoto uliza na DJ ni nani maana wengine wana matusi, na vijana wa hapa watakwambia ukweli.

Ninachowaomba wenye duka ni kitu kimoja, waandike majina ya mafaili yao kwa Kiswahili yote, sio hayo mawili tu ya siku ile, na dokumentari waziweke kwenye folda yake mbali na muvi za kubuni. Kijana aliniahidi ataanza na za wanyama. Nilipopita tena niliikuta folda imeandikwa WANYAMA WA KWELI, simba humo, tembo humo, orka humo, ila na dinosaria wa muvi wamewekwa humo humo, nimemwambia na yeye atamtoa yule wa kubuni abakize dokumentari ya mifupa.

Kwa jumla nawapa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeishika mpaka folda ikamilike. Wanafungua asubuhi mpaka usiku, Ijumaa wanafunga mchana kwa ajili ya swala na kurudi kama saa nane, na kama una faili kubwa nenda asubuhi, jioni foleni inafika mpaka barabarani na kompyuta ya pili inakuwa nzito kukopi.